Jioni Ile ya Cheltenham

Wiki hii nzima Clifford Cocks hajanitoka akilini. Nilikuwa nikiwafundisha vijana wa tuisheni hapa Majengo habari za nambari tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, nikitafuta cha kuwaonyesha kwamba zina kazi duniani, nikaangukia maisha ya huyu Mwingereza. Tangu hapo nikiwa kwenye matatu namuwaza, nikisahihisha madaftari namuwaza.

Alizaliwa mwaka 1950. Mwaka 1968, bado mwanafunzi wa shule, alikwenda Moscow kwenye mashindano ya kimataifa ya hisabati akarudi na medali ya fedha. Akasoma Cambridge, akaanza utafiti Oxford, akauacha. Mwaka 1973 akaajiriwa na GCHQ, idara ya serikali ya Uingereza inayoshughulikia mawasiliano ya siri, kule Cheltenham. Alikuwa na miaka 22.

Alikuta swali limelala pale. Mhandisi mmoja wa idara hiyo, James Ellis, alikuwa ameonyesha mwaka 1970 kwamba watu wawili wanaweza kuandikiana kwa siri bila kupeana kwanza ufunguo wa kuufungulia ujumbe. Ujue kabla ya hapo ufunguo ulikuwa lazima umfikie mwenzako kwa njia ya salama, kwa mkono wa mjumbe unayemwamini, na hiyo ilikuwa gharama na hatari isiyokwisha. Ellis alijua inawezekana. Namna ya kulifanya hakuwa nayo, na hata wenzake waliolijaribu hawakufika popote. Cocks alisimuliwa jambo hilo na mwenzake kazini, akaenda nalo nyumbani. Jioni hiyo hiyo akalipata, lote kichwani, kwa sababu sheria za kazi hazikumruhusu kuandika mambo hayo nyumbani. Akalala nalo, asubuhi akaliandika ofisini. Mimi ningekesha nikiogopa litanitoroka.

Njia yake niliwaonyesha vijana ubaoni kwa nambari ndogo. Chukua 3 na 11, zizidishe upate 33. Hiyo 33 itangaze, kila mtu aijue. Anayetaka kukutumia ujumbe, tuseme ni 4, anaziandika 4 thelathini na tatu, anazizidisha zenyewe kwa zenyewe, anagawanya kwa 33 na kukutumia baki peke yake. Waliguna, kazi yote hiyo! Lakini 4 tano zikizidishwa ni 1024, na ukigawanya kwa 33 inabaki 1. Kwa hiyo makundi sita ya tano-tano yote yanageuka 1, zinasalia 4 tatu, yaani 64, na baki yake ni 31. Anatuma 31. Wewe unayejua kwamba 33 ilitoka kwa 3 na 11 unaweza kukokotoa kwamba ufunguo wako ni 7: unazizidisha 31 saba, unagawanya kwa 33, na linalobaki ni 4. Walipoiona ile 4 imerudi, darasa lililipuka.

Bila shaka 33 mtoto yeyote ataipasua. Zikiwa nambari tasa mbili zenye tarakimu mia tatu kila moja, kuzizidisha ni kazi ya nukta moja kwa kompyuta, ila kuzitenganisha tena hakuna kompyuta ya leo inayojulikana kuliweza. Hapo ndipo siri ilipokaa. Kile kikufuli kidogo unachokiona juu ya tovuti ya benki kwa miaka mingi kimeegemea hesabu ya aina hii.

Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, wa chuo cha MIT kule Marekani, waliigundua kivyao, wakaitangaza, na dunia ikaiita RSA kwa herufi za majina yao. Waliistahili sifa, sina ubishi. Cocks alikuwa hai, mzima, na hakuweza kufungua kinywa. Alinyamaza mpaka Desemba 1997, idara ilipoamua yenyewe kuliweka wazi. Kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na hakumwona hata mtu mmoja wa kumnong'oneza?" Nikamwambia kazi ile ilikuwa amana, na amana hailiwi. Ninamheshimu kwa hilo kuliko hata kwa hesabu yenyewe. Kinachoniuma ni Ellis. Alifariki tarehe 25 Novemba 1997, wiki chache tu kabla ya jina lake kutajwa hadharani. Hapo sikuwa na la kuwaambia vijana.

Na mambo haya si ya mbali na sisi. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, kule Sri Lanka, wavunja misimbo wa Kiingereza waliokuwa huko walihamishiwa hapa Mombasa, wakaichukua shule ya Allidina Visram, wakawa wanakaa humo kuchambua ujumbe wa meli za Japani. Nao walifunga vinywa. Mjini hapa watu wanapita nje ya ukuta wa shule ile kila siku, na ni wachache wanaolijua hilo.

Juzi msichana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea daftari. Alikuwa ameziacha 3 na 11, akajaribu 3 na 7, yaani 21. Akaificha 1, ikatoka 1. Akaificha 4, ikatoka 1 vilevile. "Mwalimu, sasa anayepokea atajuaje nilituma ipi?" Nikamwambia aitazame ile 7. Akapunguza moja, akapata 6, akakaa kidogo, kisha akasema 3 inaigawanya 6. Nikamfungulia simu nikamwonyesha: sharti hilo hilo, kwamba nambari tasa moja isiigawanye ile nyingine ikishapunguzwa moja, limo katika waraka alioandika Cocks Novemba 1973. Sasa anaorodhesha jozi zote zinazokataa. Ameshapata 3 na 13, na 5 na 11, na ananidai karatasi zaidi.