Liemba ya bati: wiki ya tisa

Nimebandua bati zote za mfano wangu mdogo wa Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Mataruma 22 ya kiunzi chake yamebaki wazi kama mbavu za samaki.

Kosa langu lilikuwa kuvisha upande wa kushoto mzima kabla ya kugusa wa kulia. Gundi ilipokauka, upande ule ulivuta. Asubuhi nikaitazama kutokea omo, yaani mbele, nikaona tezi, yaani nyuma, imekwenda kando. Mkuku wa plaiwudi, uti wa chini wa chombo, nimeulowesha na kuubana siku mbili, umenyooka. Safari hii ni kipande kushoto, kipande kulia, toka chini kwenda juu.

Kila mita ya Liemba kwangu ni sentimita moja, kwa hiyo chombo kina sentimita 71. Bati ni za makopo ya maziwa ya unga. Majirani wa Chang'ombe wananiwekea.

Ninachokipenda kuliko vyote ni ribiti, pini za chuma za kuungia mabati. Liemba haikuchomelewa. Ribiti zilipashwa moto mpaka zikawa nyekundu, zikapenyezwa tunduni, zikagongwa upande wa pili. Zikipoa zinasinyaa na kuyabana mabati. Zangu ni vinundu tu. Nalaza bati kifudifudi juu ya kipande cha tairi, nabonyeza kwa msumari niliousugua ncha ikawa butu, kila milimita mbili. Za kweli zilikaribiana zaidi, ila bati langu halihimili. Mkono ukizidi kidogo tu, linatoboka. Safu ikitoka sawa napitisha kidole juu yake mara mbili tatu.

Jumamosi jirani yangu, mstaafu wa reli, alisimama mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii si Liemba hii? Ilipita hapa, mwanangu. Kwa treni."

Ni kweli. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa na kufungwa kwenye makasha 5,000. Kutoka Dar es Salaam yakapanda reli ya kati, yakapita hapa Dodoma hadi Kigoma. Huko wakaiunga upya, wakaishusha ziwani Februari 1915. Honi ya reli hiyo naisikia usiku nikiwa mezani hapa hapa.

Mzee alipoondoka sikushika gundi tena. Yangu nayo itafunguka: vipande vitatu vyenye skrubu ndogo za miwani, viingie kwenye kasha. Maana yake ni kuukata mkuku ule ule niliohangaika kuunyoosha. Nimeshachora mistari, mmoja baada ya taruma la saba, mwingine baada ya la kumi na tano. Msumeno mwembamba nimeazima kwa seremala. Nakata kesho, mwanga ukiwa mzuri.