Ngozi ya Gideoni na mkate wenye koga

Jumapili usiku

Nitajuaje kama Mungu anataka niichukue kazi hii, au nihame? Wengi wetu tukibanwa na swali kama hilo hukimbilia ishara. Gideoni wa Biblia aliweka ngozi ya kondoo uwanjani ili umande uwe ishara kwake, nasi tunaweka zetu: simu ikiita kabla ya saa sita, basi ni ndiyo.

Soma Waamuzi 6 polepole. Agizo la kwenda kuwaokoa Israeli limo mstari wa 14. Ngozi inaingia mstari wa 36, na Gideoni mwenyewe anakiri kwamba Mungu alishasema. Alijua la kufanya, ila aliogopa. Anayeitumia ngozi kuchagua kati ya kazi mbili ameazima kifaa cha shughuli nyingine. Tena masharti ya ishara huwekwa na yule yule mwenye hamu ya jibu, na hamu haikosi njia ya kujipendelea.

Wapo pia wanaoegemea upande wa pili: wanakagua kila kitu ila hawaombi. Katika Yoshua 9 Wagibeoni wanafika na mikate mikavu iliyoota koga, viriba vyenye viraka na viatu vilivyochakaa. Waisraeli wanavitazama vyakula, wanaamini kuwa wageni wametoka mbali, wanafunga agano bila kumwuliza Bwana. Siku tatu baadaye wanagundua kuwa ni majirani, watu waliokatazwa kufanya nao agano, na kiapo kimeshatoka. Ukaguzi ulifanyika, ila waliona kile tu walichoandaliwa kukiona.

Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, ndiye ninayemrudia mara nyingi. Kati ya mwezi wa Kisleu alipopata habari za Yerusalemu na Nisani alipoulizwa na mfalme haja yake, ilipita kama miezi minne ya kufunga na kuomba. Kwa hiyo sala ya 2:4, ile iliyopenya kati ya swali na jibu, iliweza kuwa fupi. Halafu angalia alivyojibu: alitaja muda wa safari, barua kwa maliwali, na barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu, apewe miti ya malango. Alikuwa amepiga hesabu akiwa bado magotini.

Kwenye karatasi, kuomba huku ukipiga hesabu huanza kwa kulipunguza swali. "Mungu anataka nini na maisha yangu?" halijibiki kabla ya Ijumaa. "Nikubali zamu ya Jumapili kwa miezi sita?" linajibika. Liandike kwa sentensi moja, weka tarehe ya mwisho, kisha uliza mambo matatu. Je, kuna amri inayolifunga? Kuna ahadi niliyokwisha kuitoa, kwa mwenzi, mtoto au mdai? Na gharama atabeba nani? Mjenzi wa mnara katika Luka 14:28 huketi kwanza akahesabu. Zamu ya saa 8 kwa Jumapili 26 ni saa 208. Ziandike zinatoka wapi: ngapi za usingizi, ngapi za ibada, ngapi za watoto. Mara nyingi jibu huonekana hapo kabla ya amina. Na wakati mwingine jibu ni kukubali zamu, maana deni nalo ni ahadi.

Ignasi wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu Pamplona, Hispania, mwaka 1521 na baadaye akawa padri na mwalimu wa sala, aliacha kanuni mbili zinazofaa hapa. Ya kwanza: moyo ukijaa huzuni na giza, usibadilishe ulichoamua ukiwa na utulivu. Barua ya kuacha kazi iliyoandikwa usiku wa ugomvi na ikae hadi moyo utulie. Ya pili: mfikirie mtu usiyemjua kabisa mwenye shauri hili hili, jiulize ungemshauri nini, kisha ulifuate wewe mwenyewe. Kwangu hii ya pili ndiyo kali zaidi, kwa sababu hamu yako haina cha kupata kwa mgeni.

Limebaki jambo moja dogo. Yakobo 4:15 inatufundisha kusema "Bwana akipenda". Maneno hayo yamegeuka njia ya adabu ya kukataa mwaliko: mtu anayatamka huku akijua hatakuja. Kama jibu ni hapana, Mathayo 5:37 imeshatoa ruhusa ya kusema hapana, na aliyekualika apunguze kiti kimoja.