Diski iliyotabiriwa kujaa
Saa tisa usiku simu ikalia: diski ya seva ya logi (kumbukumbu za matukio ya mifumo) itajaa ndani ya saa 4. Nikafungua kompyuta jicho moja likiwa bado limefumba. Nafasi iliyobaki? Asilimia 61. Ilikuwa bekapu ya kila usiku tu, ambayo huandika faili kubwa la muda, kisha hulifuta.

Kosa langu. Natumia Prometheus, programu ya kufuatilia hali ya seva na kutoa tahadhari, na fomula yake ya predict_linear haina uganga wowote: huchukua vipimo vya kipindi ulichotaja, huvipitishia mstari mnyoofu, kisha huurefusha mbele. Mimi niliipa dakika 30. Kwa dakika hizo, kweli diski ilikuwa inakwisha. Nikaongeza kipindi hadi saa 6 na kuweka sharti la pili: usiniamshe kama nafasi inazidi asilimia 20.

Zabbix, programu nyingine ya aina hiyo, nayo ina fomula ya timeleft, inayokupa sekunde zilizobaki kabla ya kufika kikomo. Ukiilisha data ya kipindi kifupi, nayo itakudanganya vilevile.

Trafiki ya intaneti sijathubutu kuitabiri hivi. Hupanda asubuhi, hushuka usiku. Mstari mnyoofu utaniapia saa nne asubuhi kwamba hadi jioni tumezama.