Mdogo wangu alianguka mkarafuu: nilivyojifunza kuusikiliza moyo

Kwa miaka kadhaa nilikuwa siivumilii harufu ya karafuu mbichi. Kwa mtu anayeishi Pemba huo ni mtihani, maana msimu ukiingia huna pa kuikimbilia. Imeanikwa kila uwanja, imo kwenye magari, imo kwenye nguo za watu mliosimama nao safu moja msikitini. Nikiisikia tu kifua kinabana, natafuta kisingizio cha kuondoka.

Sababu nilikuwa naijua. Mdogo wangu alianguka mkarafuu kwenye shamba la familia, upande wa Mtambwe, na mimi nilikuwa chini ya mti ule ule nakusanya zilizodondoka. Hakufa, alhamdulillah. Aliumia uti wa mgongo, akapelekwa Unguja, akarudi akiwa anatembea kwa magongo, tena masafa mafupi. Kupanda mti ndiyo basi.

Asiyechuma karafuu atauliza kwa nini tulipanda siku ile, na mvua ilikuwa imenyesha usiku na magome yanateleza. Karafuu ni tumba la ua. Huchumwa likishaanza kugeuka rangi, kijani kikiingia wekundu, kabla halijafunguka. Likifunguka thamani imepotea, na likiachwa zaidi linakuwa mpeta, yaani tunda. Tena mti mmoja hauivishi zote kwa pamoja, kwa hiyo mnaurudia mti ule ule mara kadhaa katika msimu mmoja. Mikarafuu yetu ni ya zamani, mirefu, na zilizopevuka siku ile zilikuwa kileleni. Ami yetu, aliyekuwa msimamizi wa shamba baada ya baba kufariki, alitazama juu akasema, "Hizi kesho zishafunguka. Pandeni." Mdogo wangu akachukua kamba na ngoe ya kuvutia matawi, akapanda. Mimi moyo ulisita. Nilifungua mdomo, kisha nikanyamaza.

Kimya kile ndicho nilichokibeba.

Watu walikuja wakasema ni kudra ya Mungu, mshike subira. Ni maneno ya kweli na nayaamini. Lakini mimi niliyafanya kufuli: kila kitu kikitaka kunitoka kifuani, najifungia kwa neno subira. Sikulia hospitalini, sikulia nyumbani. Mimi ni mkubwa, mama ananitazama, mwanamme halii mbele za watu. Nikahamia Chake Chake moja kwa moja na useremala wangu. Mwisho wa mwezi namtumia mdogo wangu pesa kwa simu, nzuri tu, kadiri Mungu alivyojaalia, na kwenda kumwona siendi. Idi nilikuwa nafika kwa mama asubuhi mapema na kuondoka kabla yeye hajaletwa.

Usingizi ukawa haba. Nikaenda kupimwa, presha haikuonekana, sukari haikuonekana. Daktari akaniuliza kama nina mawazo. Nikasema sina.

Kuhusu subira, aliyenisahihisha ni maalim aliyenisomesha Kurani utotoni. Wala sikumwendea kwa shauri. Tulikuwa tumekaa tu baada ya Isha, akawa anasimulia habari za Nabii Yakub. Yakub ndiye aliyesema "subira njema" alipoletewa habari ya Yusuf, na Yakub huyo huyo alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Akasema anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake. Nimeisikia sura ile tangu nikiwa na kijuzuu mkononi, lakini usiku ule ndipo iliponiingia kwamba subira yangu haikuwa ile ya Yakub. Yake ilikuwa na machozi ndani yake. Yangu ilikuwa kimya kitupu.

Lakini lililonifungua macho zaidi lilitokea kazini. Tulikuwa tunapaua nyumba huko Wawi. Vijana wangu wako juu wanapigilia kenchi, mimi niko chini nakata mbao. Mmoja akavuka kutoka kenchi moja kwenda nyingine, na moyo wangu ukasita. Kusita kule kule: baridi tumboni, mdomo ukafunguka, ukafumba. Nikasubiri aanguke. Hakuanguka. Akashuka, akala, akapanda tena, nami nikasita tena.

Jioni, nikifagia maranda, ndipo nilipojiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza. Hivi kuna siku hata moja mdogo wangu alipanda mkarafuu na mimi nisisite? Nikarudi nyuma, msimu baada ya msimu. Siku hiyo haikuwepo. Tangu yu mtoto, anapanda kwa kuiba wakati mama amelala mchana, mimi nilikuwa nasimama chini na baridi ile ile tumboni. Asubuhi zote alizoshuka salama nilikuwa nimezisahau. Ilibaki moja, na kumbukumbu yangu ikaitia maana ambayo siku yenyewe haikuwa nayo. Kumbe sikuonywa nikapuuza. Nilikuwa nampenda, basi, na nilikuwa naogopa kama nilivyoogopa siku zote.

Sikulala usiku ule pia, lakini kwa namna nyingine.

Hapa naomba niende taratibu, kwa sababu naona wengi wetu tunavichanganya vitu hivi, na mimi kuvichanganya kulinila miaka. Tukisema "moyo umeniambia" tunakusanya humo sauti zisizofanana. Hofu nikiisikia ina haraka, inaleta mambo kumi kwa pamoja, inakuonyesha maafa ya mbele ambayo hayajatokea. Majuto yenyewe yanazungumzia jana peke yake. Yanarudia neno moja, "laiti", na ukiyauliza yanataka ufanye nini hayana jibu, maana jana haina mlango. Lakini kulikuwa na sauti ya tatu, na hiyo nilikuwa naisikia tangu mwanzo. Ilinijia nikipiga randa, ikanijia nikitia udhu, ikanijia nikiwa kwenye gari nimeegemea dirisha. Haikunitisha, haikunipa sababu, wala haikuongeza neno. Iliniambia: nenda kwake. Nami nilikuwa naijibu kwa kutuma pesa.

Niliswali istikhara, rakaa mbili na dua yake. Wapo wanaodhani ukishaswali istikhara lazima uote ndoto, ukikosa ndoto hujajibiwa. Mimi sikuota chochote. Ila nilipoamka na kuwaza safari ya kwenda kule, kifua hakikubana. Nilipowaza kubaki, kilibana. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na sahaba wake Wabisa kuhusu wema na dhambi alimwambia auulize moyo wake: wema ni kile ambacho nafsi inatulia nacho. Nikaona inanitosha. Tena moyo ukanituma jambo ambalo akili ililikataa: niende mikono mitupu. Nisibebe halua, nisibebe bahasha. Kwetu kwenda kumtazama mgonjwa mikono mitupu ni haya, na nilisimama sokoni muda mrefu mbele ya matunda. Sikununua. Nilijua nikiwa na kitu mkononi nitakikabidhi, nitaaga, nitaondoka.

Nilimkuta uwanjani, msimu umepamba moto, amekaa kwenye jamvi ameegemea nguzo ya baraza, anachambua. Karafuu za shamba zilikuwa zikiletwa kwake na wachumaji, yeye ndiye mwenye kazi ya chini. Nikapiga hodi. Aliponiona alishtuka.

"Kaka! Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Nimekuja tu."

Alinitazama kidogo, kisha akalisukuma polo pembeni, akanipa nafasi. Nikakaa. Harufu ilinijaa puani na kifua kikabana kama kawaida yake, nikakiacha kibane. Nikaanza kuchambua. Unashika konyo, yaani kikonyo chenye tumba zake, kwa mkono mmoja, unaikandamiza kwenye kiganja cha mwingine, unaizungusha, tumba zinamwagika kwenye jamvi na konyo unaitupa upande wake, kwani makonyo nayo yana bei. Baada ya muda viganja vinashika mafuta na dole gumba linakuwa jeusi. Kazi hii ina rehema moja: macho yanabaki mikononi. Hamlazimiki kutazamana.

Nikasema, "Siku ile nilitaka kukuzuia usipande."

Hakusimamisha mikono. Akasema, "Ungenizuia nisingekusikia. Ami kashasema, na mimi kichwani nahesabu mahari."

Nikanyamaza. Akatupa konyo, akachukua nyingine.

"Kaka, mti ule mimi n'shaachana nao zamani. Ila wewe, pesa zako zaja kila mwezi, uso wako hauji. N'kadhani wanionea haya kwa kuwa n'mekuwa hivi."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia vibaya, kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu. Mkewe alitoka na birika la chai, akatuona, akairudisha chai ndani bila neno. Mdogo wangu hakuniambia nyamaza. Aliendelea kuchambua pembeni yangu mpaka nikamaliza mwenyewe, kisha akaniuliza karanga Chake bei gani sasa, na tukazungumza bei za vitu mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Nilidhani nitaondoka pale nimekuwa mwepesi. Niliondoka na hasira. Ndani ya gari, kabla hata hatujafika Chake, nilikuwa nimekunja ngumi juu ya magoti. Neno lake moja lilikuwa limefungua kitu: Ami kashasema. Kumbe chini ya majuto yote yale ilikuwepo hasira, na sikuwahi kuiona kwa sababu haikuwa na pa kukaa. Kwetu ami amesimama mahali pa baba. Huwezi kumkasirikia, huwezi hata kuliwaza. Basi nilikuwa nimeichukua hasira ya kumkasirikia yeye, nikaielekeza kwangu, nikaiita majuto.

Nifanyeje nayo? Wapo watakaokwambia mwendee mtu, umwambie ana kwa ana, ndiyo utapona. Huenda kwa mwengine ikawa hivyo. Nilipouuliza moyo wangu kuhusu kumkabili ami, ulikuwa mzito kama jiwe. Yule mzee macho yameshaingia ukungu, anaongozwa msikitini na mjukuu. Nikajiuliza basi niipeleke wapi, na jibu likaja bila kulitafuta: kwa mama.

Alikuwa jikoni anakuna nazi. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikamwambia yote, kusita kwangu, neno la ami, hasira. Nilitegemea atanikemea kwa kumtaja mkubwa vile. Mkono wake ulisimama juu ya mbuzi.

"Na mimi, mwanangu," akasema. "Siku ile n'limwapiza moyoni, kisha n'kamwomba Mungu msamaha. Sijamwambia mtu."

Miaka yote hiyo sote wawili tulikuwa tunalindana kwa kunyamaza, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye nguvu. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga, akaendelea na nazi yake. Mimi nikabaki pale mlangoni mpaka wali ukaiva.

Kwa ami nilikwenda Idi iliyofuata. Nilimpa mkono, nikamuuliza hali, nikakaa naye. Hakulitaja jambo, nami sikulitaja. Hasira haikuwa imekwisha, na hata leo hunirudia, hasa msimu wa mvua. Lakini sasa naijua kuwa ni hasira, na jina lake nikishalijua hainilazi macho tena.

Karafuu nazinusa. Msimu huu nimekaa kwenye jamvi lile siku nyingi kuliko nilivyokaa karakanani, na mdogo wangu hunisema kwamba nachambua ovyo, naacha vikonyo ndani. Pesa nampa bado, ila mkononi. Na ule uzito ukija usiku, nauuliza swali lile lile: wataka nifanye nini leo? Pengine jibu linakuja, mpigie mama, mwombe radhi kijana uliyemkaripia. Nalifanya asubuhi, mapema, kabla akili haijaanza kubishana. Lisipokuja jibu, ni majuto hayo, na majuto nayaacha yapite. Nageukia upande wa pili, nalala.

Kazini vijana wamenizoea. Wakipanda kupaua na moyo wangu ukasita, kama unavyosita kila mara, sinyamazi. Naliita jina la aliye juu, namuuliza mbao imekauka, kamba ameifunga wapi. Ananijibu, "Ipo, fundi," ananionyesha fundo. Nikishaliona, narudi kwenye msumeno wangu.