Kurudi bwawani na kwenye mazoezi ya nguvu: kumbukumbu ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 8

Mradi huu unafanyika Kampala na unaongozwa na bega, si pumzi. Aliyeacha kuogelea kwa muda mrefu hurudiwa na pumzi mapema, misuli nayo hufuata. Kano za bega huchelewa, maana damu inayozifikia ni kidogo. Ndiyo sababu wengi huumia wiki ya tatu au ya nne: mwili mwepesi, mita zinaongezwa maradufu, bega linaanza kuuma kwa mbele.

Wiki ya 1–2, majini

Mara mbili kwa wiki. Mita 100 za kupasha mwili, nusu yake chali. Mita 25 mara 8 kwa mtindo huru, ukipumzika sekunde 30 kila mara. Mita 100 za kumalizia, taratibu. Mabwawa mengi ya hoteli ni mafupi kuliko mita 25, kwa hiyo pima kwanza, uandike mita halisi. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Mombasa ataona pumzi inakata mapema kidogo.

Hesabu mikono, yaani kila mara mkono unapoingia majini. Ukianza na 22 kwa mita 25 na sasa imefika 25, acha hapo hata kama pumzi ipo. Mkono uliochoka huangusha kiwiko, kiganja kinavuka mbele ya pua, na kano inabanwa. Vidole viingie majini mbele ya bega lake, cha kati kikitangulia. Kidole gumba kikitangulia, bega linajipinda kwa ndani kila mzunguko.

Nguvu

Siku nyingine mbili, kwa jerikeni. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo mizani si lazima. Tatizo ni jerikeni ya lita 20 iliyojaa nusu: maji yanacheza na kukuvuta upande. Tumia ya lita 5 au 10 iliyojaa hadi shingoni. Mchanga mkavu ni mzito zaidi. Lita 5 hukaribia kilo 8. Mpini ufunge kitambaa, la sivyo vidole vitakatika kabla mgongo haujachoka.

Skwati ukikumbatia jerikeni kifuani, seti 3 za marudio 10. Kuvuta jerikeni kuelekea ubavuni kwa mkono mmoja, seti 3 za 8 kila upande. Pushapu mikono ikiwa juu ya benchi. Mwisho, tyubu ya baiskeli iliyochanwa utepe, ifungwe kwenye nondo za dirisha usawa wa kiwiko: bana taulo kati ya kiwiko na mbavu, zungusha mkono kwenda nje, seti 2 za 15. Zoezi hili ndilo linalolinda bega, na ndilo linalorukwa kwanza. Kila seti iishe ukiwa bado unaweza marudio mawili.

Wiki ya 3–8

Ongeza mita 50 wiki moja, lita 2 wiki inayofuata. Kamwe si vyote pamoja. Kuanzia wiki ya 6, mapumziko yanashuka hadi sekunde 20. Siku zikigongana, ogelea kwanza.

Ya kuangalia

Misuli kuuma siku ya pili ni kawaida. Mkojo wa rangi ya kahawa pamoja na misuli iliyovimba si kawaida: hospitali siku hiyohiyo. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, toka majini ukisikia radi, usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ziwa Viktoria haliingii kwenye mradi huu kwa sababu ya kichocho.

Maumivu ya bega yakiisha usiku, endelea. Yakiamka nawe asubuhi, punguza mita nusu kwa wiki nzima na upige miguu mikono ikiwa ubavuni. Ubao wa kuelea usiushike: huuacha mkono umenyooshwa juu, mahali palepale kano inapobanwa.