Mafuta ya Mjane na Utele wa Ndani

Kisa cha mjane katika 2 Wafalme sura ya 4 huhubiriwa mara nyingi kama ahadi ya fedha, wala si ajabu, kwa kuwa mwanamke huyo alikuwa na deni la kweli na mdai alikuwa amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mafuta yake machache yaliongezeka kwa muujiza, yakauzwa, deni likalipwa, yaliyobaki yakawatunza. Usomaji wa kiroho unaoliruka jambo hilo ni usomaji mvivu.

Hata hivyo, ninachokaa nacho muda mrefu zaidi ni swali la nabii Elisha, ambaye mjane alimwendea kwa msaada: una nini nyumbani? Mjane anajibu kwamba hana kitu, kisha anaongeza, kama anayetaja jambo lisilostahili kuhesabiwa, kwamba ipo chupa ya mafuta. Muujiza unaanzia kwenye nyongeza hiyo. Guigo II, mtawa wa Kikartusi wa karne ya 12, alipanga usomaji wa Maandiko katika ngazi nne, yaani kusoma, kutafakari, kuomba na kumtazama Mungu kwa utulivu. Nami hukwama kwa hiari kwenye ngazi ya pili, nikijiuliza ni kitu gani ndani yangu nimezoea kukitaja baada ya kusema sina kitu. Huenda ni subira, huenda ni uwezo wa kumsikiliza mtu mpaka amalize.

Yapo na mambo ya mlango na vyombo. Elisha anamwagiza aazime vyombo vitupu kwa majirani, tena visiwe vichache, kisha ajifungie ndani pamoja na wanawe, mbali na macho ya watu. Humo anamimina mafuta ya chupa ile katika chombo kimoja baada ya kingine, nayo yanakoma pale tu wanapokosa chombo kingine. Basi kipimo hakikuwa mafuta, kilikuwa nafasi, na wengi wetu (mimi nikiwa mmoja wao) huingia katika sala tukiwa tumejaa mipango mpaka ukingoni.

Lakini utele huu haulimbikizwi. Katika Kutoka 16, mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, ikiwekwa hadi asubuhi iliingia mabuu na kunuka, na aliyeokota nyingi hakuzidishiwa wala aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoufanya usomaji kuwa akiba ya mistari ya kujitia moyo. Mstari ulionishibisha jana hunilazimu kuusoma upya leo.

Paulo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, asema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Amejifunza: hakuzaliwa hivyo, na minyororo ilikuwa sehemu ya somo. Katika sura hiyohiyo anawashukuru kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa mjumbe wao Epafrodito, akikiri wazi kwamba walifanya vema kushiriki dhiki yake. Kutosheka kwake hakukumzuia kupokea.