Kupiga picha za watu nje ya studio Dar: ninavyofanya mimi

Wengi wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza kuhusu kamera. Nawaelewa, maana kamera ndiyo inayokula pesa. Lakini kwa picha za mahafali, bethidei au familia, nje ya studio, hapa Dar, picha inategemea zaidi kama mteja wako ametulia. Mtu aliyesimama juani amekunja uso, jasho linamtiririka, mlinzi anamuuliza anafanya nini pale, vijana wanampigia miluzi, huyo hutampata hata kwa lenzi ya mamilioni. Kwa hiyo mimi nikiwa nje kazi yangu ya kwanza ni kumtunza mteja. Mwanga, mahali, mavazi, vyote navipanga kwa kufuata hilo.

Saa ndiyo ninayoipanga kabla ya kitu kingine chochote. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na jua letu ni kali. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa, na hata Juni saa sita mchana bado liko juu kiasi cha nyuzi 60. Jua la namna hiyo linaweka weusi machoni na chini ya pua, na mteja hawezi kufumbua macho vizuri. Asubuhi napiga kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 hivi, jioni naanza saa 10:30. Jua la jioni huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 kutegemea mwezi: Mei linawahi, Februari linachelewa. Likishazama una kama dakika ishirini tu, kisha giza. Kwa hiyo mteja anayetoka Mbezi au Tegeta simwambii saa ya kuanza kupiga, namwambia saa ya kufika, nikiwa nimeshahesabu foleni ya Mwenge na muda wa kurekebisha kilemba.

Wateja wengi wanaomba machweo baharini pale Coco Beach. Ufukwe ule unatazama mashariki. Ukitaka jua linalotoka majini, njoo alfajiri. Jioni linazama nyuma, upande wa nyumba za Oysterbay. Kwa machweo juu ya maji nawapeleka upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, maeneo ya Slipway, au tunavuka Kigamboni na kutazama jua likishuka nyuma ya maghorofa ya Posta. Hata hivyo naipenda Coco ya jioni. Mteja akiipa bahari mgongo, jua la chini linampiga usoni kwa rangi ya asali, na likishajificha nyuma ya miti anga yote inageuka mwanga laini usiomuumiza mtu macho. Hapo ndipo watu wenye haya huanza kufunguka.

Maji nayo yaangalie. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yetu hujaa alasiri, na ule mchanga mpana ulioupanga kichwani unaukuta umebaki ukanda mwembamba uliojaa watu. Wavuvi wa Msasani na Kunduchi watakuambia maji ya kesho bila kushika simu. Mimi huwauliza, na nikipita na chochote mkononi nawaachia.

Mahali papya lazima nipaone kabla, na lazima iwe saa ileile nitakayopiga. Nikifika nanyosha kiganja mbele ya uso wangu na kuzunguka polepole huku nakitazama. Upande mmoja mistari ya kiganja inaonekana mikavu na myeusi. Ukigeuka kidogo inalainika na ngozi inapata mng'ao. Hapo ndipo uso wa mteja utakapotazama. Mara nyingi mahali hapo ni ukingoni mwa kivuli, hatua moja ndani, uso ukielekea kwenye uwazi. Chini kabisa ya mwembe siendi: mwanga unatoka juu umechujwa na majani, unaacha madoadoa mashavuni na ukijani shingoni. Turubai la bluu ni baya zaidi, rangi yake haitoki kirahisi hata ukiediti. Ukuta mweupe unaopigwa na jua ng'ambo ya barabara, huo ni reflekta ya bure, unamrudishia mteja mwanga usoni. Mitaa ya Kisutu na Upanga ina kuta nyingi za namna hiyo, ndiyo maana nikilazimika kupiga saa tano asubuhi nakimbilia huko, kwenye vivuli vya maghorofa, wala siendi ufukweni.

Ngozi zetu zinahitaji umakini wa pekee na hapa sina mzaha. Kamera inapima mwanga ikidhani kila inachokiona kina ung'avu wa kijivu cha kati. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inauongezea mwanga hadi unapauka. Mteja huyohuyo akivaa kanzu au gauni jeupe, kamera inapunguza, na uso unazama. Kwa hiyo sipimi kwa fremu nzima, napima kwenye shavu, natazama picha ya kwanza pamoja na mteja, ndipo naendelea. Mtu akijiona yuko rangi yake mwenyewe, mabega yanashuka papo hapo. Na usikubali kumpausha kwa kudhani ndivyo atakavyopenda. Muulize. Wengi hawataki.

Joto la Dar lina unyevu, uso unang'aa baada ya dakika chache. Nabeba tishu, poda isiyo na rangi, maji ya kunywa, kanga moja ya kujifunika akibadilisha nguo, na mwavuli mkubwa. Mwavuli ni kwa ajili ya jua zaidi ya mvua: msaidizi anamfunika mteja wakati mimi nahangaika na lenzi. Tishu zigandamizwe tu usoni. Akisugua anaharibu meikapu, na mtu ambaye meikapu yake imeharibika hatulii tena siku hiyo.

Ruhusa. Hapa ndipo wengi wanapoteza jioni zao. Mbele ya jengo la watu naanza na mlinzi kabla kamera haijatoka kwenye begi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hapa picha haziruhusiwi."

"Sawa mzee, ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Ni dada mmoja tu, picha za mahafali. Ndani hatuingii, tunasimama pale ukutani. Nimuombe nani ruhusa?"

Mzee yule alinipa namba ya msimamizi, msimamizi akatuambia twende Jumapili asubuhi. Jumapili hapakuwa na gari hata moja mbele ya ule ukuta, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaomba wapita njia wasubiri kidogo. Kijiji cha Makumbusho, Mlimani chuoni, bustani za hoteli, kote huko uliza mapema kuhusu kibali na ada ya kazi ya biashara, usisubiri kuulizwa getini na mteja amevaa joho. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na Ikulu usivielekezee lenzi kabisa. Ukiwa Kivukoni, karibu na Ikulu, hakikisha unafahamu nyuma ya mteja kuna nini. Daraja la Tanzanite, tangu lifunguliwe 2022, kila mtu analitaka. Mimi silipandi na mteja. Nalipiga kutoka ufukweni kwa lenzi ya milimita 85, daraja linakuja nyuma yake limelainika, na hakuna gari linalotupita kwa kasi.

Wapita njia nao ni sehemu ya kazi. Vijana wakisema "na sisi tupige!" nawajibu kwa ucheshi, tukimaliza nawapiga moja na kuwaonyesha. Ukiwafokea, anayelipia hasira yao ni mteja wako. Nyuso za watu wasiohusika naziepuka kwenye fremu. Tangu itungwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sura ya mtu si jambo la kuchezea, na hata bila sheria mimi nisingependa kujiona kwenye tangazo la mtu nikila muhogo. Mteja mwenyewe namuomba idhini kwa maandishi kabla ya kuweka picha yake popote.

Kuhusu pozi, nafundisha kidogo sana. Nampa mtu kitu cha kufanya. Mama mmoja alikuja na mabinti zake kwa bethidei yake ya miaka 60, amevaa kitenge kipya, amekakamaa, mikono imeng'ang'ania mkoba. Kila nikiinua kamera anabana midomo. Nikamwambia, "Mama, kilemba cha huyu mdogo kimelegea, naomba umfunge wewe." Akaweka mkoba chini, akamgeuza binti, akaanza kufunga huku anamsema kwamba hajui kufunga kilemba mpaka leo. Mabinti wakacheka, naye akacheka. Nilikuwa nimeshaweka kasi ya shata 1/250 ya sekunde na tundu la lenzi f/4 ili nyuso zote mbili zionekane vizuri, sikugusa kitufe kingine. Picha ile ndiyo waliyoikuza ukutani. Wakiwa mistari miwili nalipunguza tundu hadi f/5.6 au namba kubwa zaidi, la sivyo shangazi wa nyuma anatoka na ukungu na yeye ndiye aliyechangia nauli.

Ukungu mwingine unatoka kwenye kiyoyozi. Ukishuka garini kwenye baridi na kuitoa kamera kwenye joto la ufukweni, lenzi inalowa na huwezi kupiga mpaka ikauke. Acha begi limefungwa kwanza lipate joto la nje. Ukirudi, futa kamera yote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, chumvi ya bahari inakula vyuma kimyakimya. Ufukweni sibadilishi lenzi, hasa upepo ukiwa mkali.

Makubaliano naandika WhatsApp kwa lugha rahisi: saa, mahali, nguo ngapi, picha ngapi zilizoeditiwa, lini zitatoka. Nusu inalipwa kabla. Masika, Machi hadi Mei, naongeza sentensi moja: mvua ikinyesha tunahamisha siku bila gharama mpya. Sentensi hiyo inampa mteja amani kuliko punguzo lolote, hakai akitazama mawingu wakati namtafuta macho.

Usiku uleule nakopi picha zote sehemu mbili kabla ya kufuta memori kadi, kisha nachagua chache nzuri na kumtumia. Nazituma kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida WhatsApp inazibana, na yeye ndizo atakazowaonyesha ndugu zake kesho asubuhi.